Mgeni Siku Mbili, Siku ya Tatu Mpe Jembe: Somo juu ya Kazi, Mali na Wajibu wa Kila Mmoja



Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo linalosumbua amani yetu kila siku, ingawa halina mlio wa bunduki. Jambo hilo ni tofauti ya mali kati ya watu wanaoishi pamoja, na swali linalofuata: ni kosa la nani? Je, maskini ni maskini kwa sababu hafanyi bidii? Au ni kwa sababu wengine wamemfungia mlango?

Lengo la somo. Baada ya kusoma na kujadiliana, tuweze: (1) kutofautisha kile ambacho mtu anaweza kubadili mwenyewe na kile ambacho hawezi peke yake, (2) kuelewa jinsi mshahara usio wa haki unavyoleta ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji, (3) kuanza mapatano ya shamba, ya kibarua na ya akiba katika mahali petu.

1. Swali la mama mmoja

Tulikuwa katika mkutano wa kijiji kimoja cha Kivu, wakati wa kutayarisha mashamba. Wenyeji walikaa upande mmoja, wakimbizi wa ndani upande mwingine, kama kawaida. Tulikuja kuzungumza juu ya maji, lakini baada ya dakika chache maneno yaligeuka.

Mzee mmoja mwenyeji alisimama akasema: «Sisi tuliwapokea hawa watu vizuri. Tuliwapa mahali pa kulala. Lakini wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wamezoea kungojea misaada. Wanakaa.»

Wenyeji wengi walipiga makofi. Upande wa wakimbizi watu waliinamisha vichwa. Halafu mama mmoja akasimama, mtoto mgongoni. Alisema kwa heshima, bila kupaza sauti: «Mzee wangu, aksanti kwa kutupokea. Mimi nililima tangu utoto wangu. Methali yako ni ya kweli. Lakini mimi nina mwaka mzima hapa. Jembe liko wapi?»

Watu walinyamaza. Hata mzee alinyamaza. Sisi pia, tuliokuja na makaratasi yetu juu ya maji, hatukuwa na jibu. Somo hili limetoka katika swali hilo.

2. Methali inazungumza na nani?

Tumezoea kutumia methali hii kumwambia mgeni: amka, ufanye kazi. Na ni kweli, mgeni ana wajibu. Mtu mwenye afya hawezi kukaa miezi na miezi akila jasho la mwenzake.

Lakini tuisikilize vizuri. Methali haisemi «mgeni ajitafutie jembe». Inasema «mpe jembe». Neno hilo anaambiwa mwenyeji. Yaani wahenga walijua kwamba mtu aliyefika mikono mitupu hawezi kuanza bila kupewa kitu cha kuanzia. Na jembe bila udongo ni chuma tu. Anayempa mgeni jembe anamwonyesha pia mahali pa kulima.

Kwa hiyo ndani ya methali moja kuna wajibu wa watu wawili. Mgeni anaombwa jasho lake. Mwenyeji anaombwa nafasi. Tukichukua nusu ya kwanza tu, tunamhukumu maskini. Tukichukua nusu ya pili tu, tunamfanya mgeni awe mtoto asiyeweza kitu. Methali nzima inajenga amani.

3. Siku mbili zimekuwa miaka

Kwetu mashariki ya Kongo, ukimbizi haukuanza jana. Wengi wetu tunakumbuka mapigano ya Masisi na Walikale ya mwaka 1993, vita vya 1996 na vya 1998, na vile vya 2012, Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mara ya kwanza. Tangu mwisho wa mwaka 2021 vita vilirudi Rutshuru, kisha vikaingia Masisi na kwingineko. Mwezi wa Januari 2025 mji wa Goma uliangukia tena mikononi mwa M23, na mwezi wa Februari 2025 Bukavu pia. Katika siku hizo kambi kubwa za pembeni ya Goma zilibomolewa, na maelfu ya jamaa waliambiwa waondoke. Wengine walirudi wakakuta nyumba imechomwa, au shamba lao linalimwa na mtu mwingine. Wengine waliondoka tena.

Tukumbuke pia jambo ambalo watu wa mbali hawalioni: wakimbizi wa ndani wengi hawaishi chini ya turubai. Wanaishi katika jamaa zinazowapokea. Jamaa iliyokuwa na watoto sita leo ina watu kumi na wawili. Mwenyeji huyo si tajiri. Anagawana sombe na fufu ambavyo havikumtosha hata mwanzoni. Basi tunaposema «wenyeji wana mali na wakimbizi hawana», tunasema nusu ya ukweli. Mara nyingi ni maskini anayempokea maskini zaidi, na wote wawili wanakodi shamba kwa mtu yule yule.

4. Mahali tofauti inapozaliwa

Tulipouliza watu katika vikundi, mama peke yao, vijana peke yao, wazee peke yao, mambo matatu yalirudi kila mara: shamba, kibarua, na deni.

*Shamba.* Kwa miaka mingi mwanakijiji wa Kongo ameishi kati ya sheria mbili. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya serikali. Desturi nayo inasema ardhi inapitia kwa mwami na wakubwa wa ukoo. Katika Bushi, kwa mfano, mtu anaweza kupata shamba kwa kalinzi, anayotoa ili yeye na watoto wake walitumie kwa kudumu. Au kwa bwasa, ambayo ni ya muda tu na haimpi haki ya kurithisha. Mkimbizi, akipata kitu, anapata ile ya muda. Analima udongo ambao anaweza kunyang'anywa mavuno yanapokaribia. Ndiyo sababu hapandi mti, haweki samadi, hachimbi mfereji wa kuzuia mmomonyoko. Jirani anamwona na kusema: «Ni mvivu, angalia shamba lake.» Lakini hata mwenye bidii hawezi kutunza vizuri kitu ambacho kesho si chake.

*Kibarua.* Tuchukue mfano rahisi. Tuseme kijana mwenyeji analipwa 5,000 franga kwa siku ya kulima. Mkimbizi, kwa sababu ana njaa na hana wa kumtetea, anapewa 3,000 kwa kazi ile ile. Tofauti ni 2,000 kwa siku. Kwa siku tano za juma ni 10,000. Kwa majuma manne ni 40,000 franga. Hiyo ndiyo pesa ya dawa ya mtoto, ya sabuni, ya daftari, ya chumvi. Mama huyu hakukosa bidii. Aliamka saa kumi na moja kama wengine. Bidii yake iliuzwa kwa bei ya chini.

Sasa tuangalie kinachofuata, maana hapa ndipo ugomvi unapozaliwa. Mwenye shamba akiona kwamba anaweza kulipa 3,000, hatamwita tena kijana mwenyeji wa 5,000. Kijana huyo anakaa bila kazi. Anamkasirikia nani? Si mwenye shamba, ambaye ni mkubwa na labda ni mjomba wake. Anamkasirikia mkimbizi: «Hawa walikuja kutuharibia kazi.» Siku moja kuna matusi kisimani. Siku nyingine kuna mawe usiku juu ya nyumba. Watu wanasema ni ugomvi wa makabila. Tukifuata nyayo zake, tunakuta ulianzia katika zile 2,000 franga. Kwa hiyo kumlipa mkimbizi sawa na mwenyeji si huruma kwa mkimbizi tu. Ni kulinda kazi ya mwenyeji pia.

*Deni.* Mwezi wa Septemba, wakati wa kupanda msimu wa kwanza, chakula kimekwisha nyumbani na mbegu hakuna. Mama anakopa kilo 10 za maharagwe na kuahidi kurudisha 20 akivuna mwezi wa Januari. Mvua ikiharibu, au vita vikija, deni linabaki. Mwingine anauza mavuno yake yangali mabichi shambani, kwa nusu ya bei. Mjini kuna mikopo ya riba kali ambayo wengi wanaiita banki lambert. Anayekopa hivyo hufanya kazi mwaka mzima ili arudi pale alipoanzia. Ukimwona kutoka nje utasema hajui kupanga maisha. Lakini kila hatua aliyoichukua aliichukua kwa sababu watoto walipaswa kula jioni ile.

5. Kifungu cha 15

Kila Mkongomani, hata yule asiyesoma, anakijua «kifungu cha 15»: jipange mwenyewe. Tunakisema tukicheka. Mwalimu asiyelipwa, askari, mama wa soko, motari, msukuma chukudu, wote wanaishi kwa kifungu hicho. Kimetufundisha akili na uvumilivu ambavyo wageni wanavishangaa.

Lakini kifungu hicho kimeficha pia uvivu mwingine, uvivu wa wakubwa. Kiongozi anayesema «jipangeni» wakati yeye ndiye ameshika ufunguo wa ghala, huyo hafundishi watu kujitegemea. Anakimbia wajibu wake.

Tufungue Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 15 cha kweli hakisemi jipange. Kinazungumza juu ya wajibu wa serikali kuondoa jeuri ya kingono, jeuri inayotumiwa kuharibu jamaa. Yaani kifungu cha 15 cha kweli kinawataja watawala na kazi yao.

Na kifungu cha 36 kinaunganisha pande zote mbili za somo letu: kinasema kazi ni haki na pia ni wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani, na kwamba serikali inahakikisha malipo ya haki yanayomwezesha mfanyakazi na jamaa yake kuishi kwa heshima ya mwanadamu. Haki na wajibu viko katika sentensi moja, kama katika methali ya wahenga. Kifungu cha 30 kinasema mtu ana haki ya kutembea na kukaa popote katika inchi. Basi Mkongomani aliyekimbia kutoka Masisi hadi Kalehe si mgeni mbele ya sheria, hata kama ni mgeni mbele ya desturi. Kifungu cha 34 kinalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Kinamlinda mwenyeji asinyang'anywe shamba lake kwa jina la wakimbizi. Kinamlinda pia mkimbizi asipoteze shamba aliloliacha nyuma.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inaongeza: kwa kazi sawa na matokeo sawa, mshahara ni sawa, bila kuangalia mtu alikotoka, kama ni mwanamume au mwanamke, wala umri wake. Tunajua sheria hizi hazifuatwi kila mahali. Lakini kiongozi anayezijua anaweza kuzisema mbele ya watu, na jambo lililosemwa mbele ya watu ni vigumu kuliko lile la gizani kulivunja.

6. Kosa letu wenyewe

Hatuwezi kuwafundisha wengine wajibu bila kusema yetu.

Miaka michache iliyopita tulisimamia kazi ya kutengeneza barabara. Nusu ya wafanyakazi walipaswa kuwa wakimbizi na nusu wenyeji, na wote walipwe sawa. Karatasi zetu zilikuwa safi. Kila jioni watu walitia kidole, nasi tulisaini. Tulimwachia kapita mmoja aandike majina, kwa sababu alijua watu na alifanya kazi haraka.

Baada ya majuma matatu, msichana mmoja alituuliza njiani kama sisi pia tunapata sehemu ya ile 1,000. Hatukuelewa. Ndipo akaeleza: kila mkimbizi alimrudishia kapita 1,000 franga kwa siku ili jina lake lisifutwe. Wote walijua. Sisi tu hatukujua, na hatukujua kwa sababu hatukuuliza. Tulikuwa tumehesabu mita za barabara bila kuwauliza watu.

Tungeweza kusema ni kosa la kapita. Ni kosa lake, ndiyo. Lakini sisi ndio tuliompa kalamu bila mtu wa kumchunga. Na alipoulizwa, kapita alisema jambo lililotuuma: kwamba yeye mwenyewe alipewa kazi hiyo na mkubwa mmoja aliyetaka sehemu yake pia. Kila mtu katika mstari alikuwa na mtu juu yake wa kumlaumu. Hivyo ndivyo wajibu unavyopotea. Unagawanywa vipande vidogo hadi hakuna anayeuona mkononi mwake.

Tulifanya nini? Tulisoma orodha yote mbele ya watu. Tuliwaomba radhi wakimbizi. Kapita alirudisha sehemu ya pesa, si yote. Pesa nyingine hazikurudi kamwe, na jambo hilo tunalibeba. Tangu siku ile orodha inaandikwa na watu watatu, mmoja wao mama mkimbizi, malipo yanasomwa kwa sauti, na mmoja wetu anarudi siku nyingine, bila kapita, kuuliza nyumba kwa nyumba: «Ulipokea kiasi gani? Kilibaki kiasi gani mkononi?» Swali la pili ndilo lenye kazi.

7. Kila mmoja na wajibu wake

*Mkimbizi* ana wajibu wa kutumia nguvu alizo nazo: kufika kazini kwa saa, kutimiza mapatano ya shamba, kutouza kwa pombe chakula cha watoto, kutojiandikisha mara mbili kwa majina mawili. Anayechukua jetoni mbili anaila sehemu ya jirani yake aliyekosa. Ana wajibu pia wa kusema ukweli anapodhulumiwa, kwa njia ya amani. Lakini hana wajibu wa kuona haya kwa kuwa maskini. Hakuanzisha vita.

*Mwenyeji mwenye shamba* ana wajibu wa kulipa sawa kwa kazi sawa, siku ile waliyopatana, na kutomfukuza mtu shambani kabla ya mavuno. Haombwi kugawa urithi wa watoto wake. Anaombwa asitajirike kwa njaa ya mwingine.

*Mume nyumbani.* Tofauti ya mali haiko tu kati ya nyumba na nyumba. Iko pia ndani ya nyumba moja. Mama analima, anauza, na pesa zinaondoka bila yeye kuulizwa. Sheria ya jamaa iligeuzwa mwaka 2016, na ile kanuni ya zamani iliyomtaka mke apate ruhusa ya mumewe kwa mambo ya kisheria iliondolewa. Baba na mama wakae jioni moja kila juma wahesabu pamoja kilichoingia na kilichotoka.

*Kiongozi*, wa kambi au wa kijiji, ana wajibu wa uwazi. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wakimbizi wa ndani za mwaka 1998 zinasema msaada usigeuzwe njia yake, na kwamba wanawake washiriki kikamilifu katika kupanga na kugawa mahitaji. Orodha isiyosomwa mbele ya watu ni mlango wa wizi, hata kama kiongozi ni mtu mwema.

*Sisi wa mashirika* tuna wajibu wa kuuliza, kusikiliza, na kutosahau jamaa zinazopokea. Msaada unaompita mwenyeji maskini na kuingia kwa mpangaji wake unapanda wivu ndani ya nyumba moja.

*Serikali na wenye silaha wote* wana wajibu ambao hakuna likelemba wala jembe vinavyoweza kuuchukua: kusimamisha vita, kufungua njia za soko, kulinda raia. Tusimwambie mama ajipange ili wao wapumzike.

8. Hatua nne za kuanza

Kwanza, *mapatano ya shamba mbele ya mashahidi.* Yaandikwe kwa maneno mepesi: ukubwa wa shamba na mipaka yake, mwanzo na mwisho wa muda, malipo (pesa, sehemu ya mavuno, au siku za kazi), na nini kitafanyika mmoja akiondoka kwa sababu ya vita. Muda usipungue misimu miwili, ili mlimaji apate sababu ya kuweka samadi. Shefu wa kijiji, mjumbe wa wakimbizi na mama mmoja watie kidole. Kila upande ubaki na karatasi.

Pili, *bei moja ya kibarua.* Mwanzoni mwa msimu wenye mashamba, vijana wenyeji na wakimbizi wakae pamoja na kusema bei ya siku. Itangazwe sokoni na mahali watu wanaposali. Vijana wenyeji wataitetea kuliko wote, kwa sababu inalinda kazi yao.

Tatu, *akiba ya pamoja.* Wengi wetu tunajua likelemba, ambapo kila mmoja anapokea kwa zamu. Kuna pia vikundi vya AVEC, njia iliyoanzia Niger mwaka 1991 na ambayo leo iko katika vijiji vyetu vingi. Watu kati ya 15 na 30 wanaojuana wananunua hisa ndogo kila juma, wanakopeshana kwa faida ndogo waliyoipanga wenyewe, na mwisho wa mwaka wanagawana. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Tunashauri kikundi kichanganye wakimbizi na wenyeji, na wale wanaoweza kuondoka ghafula wawe na mzunguko mfupi, wa miezi mitatu au minne. Mwaka 2025 watu wa Goma na Bukavu waliona banki zimefunga milango. Wakati kama huo watu wanaoaminiana ndio banki ya kwanza. Lakini sanduku lisikae na pesa nyingi, maana linavuta wezi. Pesa zizunguke.

Nne, *kamati ya kusikiliza.* Watu watano, wawili kwa kila upande na mmoja aliyechaguliwa na wote, wapokee malalamiko juu ya shamba, mshahara na orodha, na wajibu ndani ya siku saba. Mambo ya jeuri ya kingono hayasuluhishwi na kamati. Yapelekwe kwa wenye kuhusika na sheria na kwa waganga, mtu apate matunzo ndani ya saa 72.

9. Mzee na mama

Mnaweza kuuliza mambo yaliishaje kati ya yule mzee na yule mama. Mkutano ulivunjika bila mapatano. Tulirudi juma lililofuata. Mzee alikuwa ametafakari. Alisema hana shamba kubwa, watoto wake wenyewe wanakodi, lakini kuna kipande kilicholala nyuma ya mikaratusi. Alikitoa kwa misimu miwili, kwa jamaa nne, mbili za wakimbizi na mbili za wenyeji wasio na udongo. Malipo yalikuwa sehemu ya mavuno.

Msimu wa kwanza walivuna maharagwe kidogo, maana mvua ilichelewa. Mzee alipunguza sehemu yake. Msimu wa pili jamaa moja ilibidi ikimbie tena kabla ya kuvuna. Wale waliobaki walivuna sehemu yao, wakaiuza, na kumtumia mama pesa kwa simu, kama walivyoandika katika mapatano. Bado wote wanne ni maskini. Lakini hatukusikia tena katika mtaa ule mtu akisema «hawa wanakaa», wala «hawa wenyeji hawana moyo».

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mahali petu, mkimbizi na mwenyeji wanalipwa sawa kwa siku ya kulima? Mwanamume na mwanamke je? Taja bei.
2. Ni jambo gani moja ambalo mimi mwenyewe ninaweza kubadili juma hili, bila kungojea shirika wala serikali?
3. Ni jambo gani ambalo siwezi peke yangu? Nani ana ufunguo wake, na tutamwendea pamoja namna gani?
4. Je, nimewahi kusema «si mimi, ni mkubwa wangu»? Ilikuwa kweli nzima au nusu?
5. Orodha ya mwisho ya msaada ilisomwa mbele ya watu wote?

Zoezi la nyumbani. Chora mistari miwili juu ya karatasi au juu ya udongo, upate sehemu tatu. Sehemu ya kwanza: mambo yangu. Ya pili: mambo yetu pamoja. Ya tatu: mambo ya wakubwa. Weka jiwe moja kwa kila tatizo mahali pake. Jadilianeni mkiona mmetofautiana. Mara nyingi mtaona kwamba sehemu ya katikati, ile ya «yetu pamoja», ndiyo iliyokuwa tupu kwa muda mrefu, na ndiyo tunayoweza kuijaza.

Ndugu wasomaji, kidole kimoja hakivunji chawa. Tukikutana tena na methali ya jembe, tuiseme yote. Mgeni anyooshe mkono kupokea, mwenyeji anyooshe mkono kutoa, na wote wawili wainame kulima. Tunawatakia msimu mwema na amani katika nyumba zenu.